Wiki nane za kujifunza kuwepo: tathmini ya kozi ya mtandaoni

Kozi niliyoimaliza mwezi uliopita inafundisha kuwepo, yaani kuituliza akili kwenye kile unachokifanya sasa hivi (kwa Kiingereza, mindfulness), na inafuata mpango wa wiki 8 wa kupunguza msongo wa mawazo ulioasisiwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Zoezi la mwanzo ni kula zabibu kavu moja: unaitazama, unapapasa mikunjo yake, unainusa, kisha unaiweka ulimini na kuiacha hapo kitambo kabla ya kuitafuna. Nilidhani ni mzaha, mpaka nilipotambua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikimeza chakula huku macho yangu yakiwa kwenye simu. Zoezi la kuuchunguza mwili kwa utulivu, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, lilinifanya nipitiwe na usingizi mara tatu, na mwalimu, kwa hekima yake, hakunilaumu.

Kasoro kubwa ni muda, kwani dakika 45 za mazoezi kila siku ni mzigo kwa mtu mwenye watoto wadogo. Tena sauti zilizorekodiwa zimewekewa muziki usiohitajika kabisa. Hata hivyo ningeilipia tena, kwa sababu siku hizi ninapoosha vyombo ninaosha vyombo, badala ya kugombana kimoyomoyo na mkuu wangu wa kazi.