Mnada wa vitu vya kale Malindi: nimekwenda mara nne, na niliyoyaona ni haya

Mimi ni fundi saa wa Chake Chake, Pemba, mwaka wa 26 huu nipo nyuma ya meza ile ile. Saa za mababu huletwa kwangu zimefungwa kwenye leso, na ndani ya leso mara nyingi huwamo na kitu chengine: reale (sarafu kubwa ya fedha ya zamani), nishani iliyokatika utepe, picha ndogo ya mtu aliyevaa joho. "Fundi, hebu nitazamie na hiki." Katika kutazamia vya watu ndipo nami nikaanza kukusanya vyangu. Basi nilipoambiwa kwamba Malindi, Unguja, kuna mnada wa vitu vya kale kila baada ya miezi miwili au mitatu, nilifunga duka nikapanda boti. Sasa nimeshakwenda mara nne, na wenzangu wananiuliza kama safari inalipa. Nitaeleza yote, yaliyonifurahisha na yaliyonichoma.

Mnada hauna kibao wala jina. Unafanyika kwenye ua wa nyumba ya zamani, ndani ya vichochoro vya nyuma ya bandari, mlango wenye misumari ya shaba. Anayetoka Mkoani hana haja ya gari; unashuka botini, unatembea dakika saba, umefika. Ijumaa baada ya Alasiri ni ya kutazama, Jumamosi saa tatu asubuhi ni ya kunadi. Ukiwa huwezi kufika Ijumaa, ushauri wangu ni ubaki nyumbani usubiri mnada mwengine. Jumamosi ua unajaa, kitu kinapitishwa juu ya vichwa vya watu, na hakuna nafasi hata ya kuvaa miwani.

Ijumaa vitu hupangwa juu ya mikeka na meza mbili ndefu, kila fungu na kikaratasi chake cha namba. Unaruhusiwa kushika, kugeuza na kupima. Jambo hili kwangu ni kubwa sana, na nitasema kwa nini. Mwaka juzi nilinunua kwa intaneti, kwenye mnada wa ng'ambo, senti moja ya 1908, zile za Sayyid Ali bin Hamoud, sultani wa Zanzibar, zenye mnazi, ambazo hazionekani ovyo. Picha yake ilikuwa safi kama kioo. Juu ya bei nikatozwa ada ya mnunuzi, robo nzima, kisha posta. Ilipofika nikaitia kwenye lenzi yangu ya jichoni, nikaona karibu na ukingo alama ya tundu lililozibwa: sarafu ile iliwahi kutiwa kwenye kidani, kisha mtu akaifukia tundu kwa ustadi. Nilivunjika moyo kweli. Malindi ningeiona kabla ya kutoa hata shilingi.

Mezani pa Malindi ipo mizani ndogo ya sonara, imewekwa kwa ajili ya yeyote. Mara ya kwanza nilipokwenda palikuwa na fungu la reale tisa za Maria Theresa. Kwa wasiozijua: reale hizi zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia yule wa Austria, hata zilizopigwa zaidi ya miaka mia baada yake, kwa kuwa wafanyabiashara wa bahari hii na wa Bara Arabu waliizoea sura ile wakawa hawataki nyengine. Kwa hiyo tarehe haikusaidii kitu. Kinachosaidia ni uzito, ambao ni gramu 28 na chembe kidogo; ni herufi S.F. chini ya kifua cha malkia. Na zaidi ni ukingo, kwa sababu reale ya haki ina maneno ya Kilatini yaliyozunguka ukingoni, na waghushi wengi hawana subira ya kuyapiga. Nikazipima moja moja. Sita zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa nyepesi na ukingo wake mtupu.

Nilimwita dalali pembeni, nikamnong'oneza, nisimtahayarishe mbele ya watu. Ni mtu wa makamo, sauti yake nzito, ananiita Ami Fundi ingawa hatupishani sana umri. Akazichukua zile tatu, akazipima mwenyewe, akazigeuza. Kisha akasimama akawaambia watu wote waliokuwapo: "Jamani, fungu namba kumi na nne sasa ni reale sita. Tatu si fedha, nimezitoa." Hakuziuza kesho yake, wala sijaziona tena. Mimi katika biashara hii nimeona madalali wengi, Unguja na Mombasa, na aliyefanya hivyo hadharani ni huyu peke yake. Ndiyo maana nimerudi mara tatu nyengine, licha ya hayo ninayokwenda kuyasema.

La kwanza ni kusafisha. Vijana wanaopanga vitu wanadhani kinachong'aa ndicho kinachouzika. Wanazisugua pesa za Sayyid Barghash kwa ndimu na majivu! Nazungumzia zile za shaba zenye alama ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 kwa hesabu ya Kizungu. Kwa hesabu ya Kihindi iliyotumika hapa pesa 64 zilikuwa rupia moja, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa sarafu ya mtu wa kawaida, ya kununulia muhogo na mafuta ya taa. Hata leo tukisema "sina pesa" tunaitaja yeye. Shaba iliyopita mikononi mwa watu na kulala kwenye vibweta miaka yote hiyo inashika rangi ya kahawia, kama karafuu iliyokauka vizuri. Ukiisugua inakuwa nyekundu kama nyaya za umeme, na ile rangi hairudi. Nimewaambia vijana mara mbili kwa upole. Safari ya nne niliona nusu ya pesa zimeachwa na rangi zake, nikanunua saba kwa Sh. 12,000 kila moja. Zilizosuguliwa zilikwenda kwa wageni kwa Sh. 40,000. Najua basi kwa nini wanaendelea, lakini nawaomba waache, maana zilizobaki hazizaliani.

La pili limeniumiza zaidi, nalo ni picha.

Mji wa Unguja ulikuwa na wapiga picha hodari tangu zama za masultani. Picha zao zilibandikwa juu ya kadibodi nene na jina la studio chini yake, A. C. Gomes, au ndugu wa Coutinho, na neno Zanzibar. Watu walivaa vyao vizuri wakaenda kukaa mbele ya kamera: bwana na kilemba na jambia, bibi na mkufu, mtoto kashikishwa kiti asitikisike. Nyuma ya picha, au kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya fremu, aliyekuwa na kalamu aliandika ni nani. Malindi picha hizi zinaletwa na warithi zikiwa ndani ya fremu zake, na vijana wanazitoa, kwa sababu fremu ya msaji inauzika peke yake kwa bei kubwa kuliko picha. Karatasi ya nyuma inachanwa, inafagiliwa.

Safari ya pili nilikuta kwenye takataka, karibu na pipa, kipande cha karatasi kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nilisoma chuo cha Kurani kwa marehemu babu, kwa hiyo nikaweza kukisoma: jina la mwanamke, jina la baba yake, "wa Mkunazini", na "siku ya nne Mfunguo Tatu". Mwaka ulikuwa umechanika. Nikauliza imetoka kwenye picha ipi, hakuna aliyejua. Picha za wanawake zilikuwa kumi na moja mezani. Nikakaa nazo kitako tangu Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Karatasi ilikuwa na doa la maji kwenye pembe, lenye umbo kama sikio, na matundu mawili ya misumari. Nikalinganisha doa lile na pembe za kadibodi moja baada ya moja. Ya nane ikakubali: doa limeingia doa, kama meno ya gurudumu la saa yanavyoingia kwenye mwenzake. Ni bibi kijana, amekaa, mkono mmoja juu ya meza ya duara, macho yake yanakutazama moja kwa moja bila woga. Dakika moja nyuma alikuwa mwanamke wa fungu namba 31, na sasa nilikuwa namjua jina lake na mtaa wake. Nilimnunua asubuhi yake kwa Sh. 65,000 na karatasi yake nikaibandika mahali pake. Wale kumi waliobaki waliuzwa bila majina.

Katika picha pia jihadharini na za kuchapishwa. Palikuwa na picha kubwa ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960, imeandikwa kwamba ni ya studio, ya jubilei ya miaka 25 ya 1936. Niliiweka lenzi nikaona vitone vidogo vidogo vimepangana safu. Picha iliyosafishwa kwa dawa gizani haina vitone, kivuli chake kinateleza tu. Ile ilikatwa kwenye jarida. Dalali alisahihisha kikaratasi papo hapo. Na kama mtu anataka sura tu za Unguja ya zamani, za kutundika ukutani, hana haja ya mnada. Aende Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, ipo tangu 1930.

Nishani sasa. Sipendi kuona nishani inanadiwa kama kipande cha fedha. Nishani za Waingereza za Vita Vikuu vya Kwanza zilitolewa na jina la mwenyewe limepigwa chapa ukingoni: namba yake, cheo, jina, kikosi. Za Vita vya Pili, zile nyota, kwa kawaida hazikuandikwa jina, kwa hiyo ukizitenga na karatasi zake huwezi tena kujua zilikuwa za nani. Ya 1914 hadi 1918 inajieleza yenyewe. Mwenye nayo mara nyingi alipewa mbili: moja ya fedha, upande mmoja sura ya mfalme George wa Tano na upande wa pili mtu juu ya farasi, ya pili ya shaba ya rangi ya kuelekea dhahabu, ina mwanamke mwenye mbawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Ni pacha. Jina lile lile liko kwenye kingo zote mbili.

Safari yangu ya tatu pacha hao walikuwapo. Jina lilikuwa na "bin" katikati, na herufi za King's African Rifles, kikosi cha askari wa Kiafrika chini ya Waingereza. Sitaliandika, kwa heshima ya ukoo wake. Ijumaa niliwaona pamoja, kikaratasi kimoja. Jumamosi asubuhi nikakuta wametenganishwa: ya fedha namba 22, ya shaba namba 23. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mwenye kuuza ndiye aliyetaka hivyo, amepata ushauri kwamba zikitengana zinaleta pesa zaidi. Nikaisimamia ya fedha mpaka Sh. 180,000 nikaipata, na mfuko ukawa mtupu. Ya shaba ikapanda mpaka Sh. 70,000, ikaenda kwa kijana mmoja aliyevaa kanzu ya rangi ya maziwa, aliyesimama karibu na kisima. Kabla sijatoka kwenye msongamano alikuwa ameshaondoka. Dalali hakuwa na jina lake, kwa kuwa alilipa taslimu na risiti zao haziandiki jina la mnunuzi wala maelezo ya kitu. Namba na bei, basi. Hapa namlaumu dalali, pamoja na sifa zote nilizompa. Mtu aliyetoa reale tatu mbele ya watu anaweza kumwambia muuzaji kwamba nishani za mtu mmoja hazigawanywi, na anaweza kuandika mstari mmoja kwenye risiti.

Malipo mengine hayana taabu. Mnunuzi hatozwi ada, muuzaji ndiye anayekatwa sehemu kumi ya mia. Unaweka arbuni siku ile ile na kumaliza kabla ya Jumapili Adhuhuri, taslimu au kwa simu. Kahawa ipo, kashata zipo, kina mama wana sehemu yao yenye kivuli. Choo hakiridhishi.

Nitakwenda tena, inshaallah, na nimeshamwambia dalali kwamba safari ijayo nitafika Alhamisi, nikae na vijana wakati wa kutoa picha kwenye fremu, niandike kwa penseli nyuma ya kila moja yale yaliyo kwenye karatasi yake. Hakukataa. Alisema, "Njoo, Ami, tena njoo na penseli nyingi."

Na wewe uliyenunua namba 23, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa: soma ukingoni utaliona jina. Mwenzake yuko kwangu Chake Chake, kwenye kijaluba cha bati, hajasuguliwa. Nitakurudishia Sh. 70,000 zako na nauli ya boti juu yake, au kama hutaki kuuza, sema bei ya huyu wa kwangu nikuletee mwenyewe.