Garaji ya Kadutu iliyotibu ulafi wa gari letu

Corolla yetu ya familia ilipoanza kumeza lita 12 kwa kilomita 100 badala ya 8, fundi wa kwanza alibadilisha plagi bila kupima chochote, na fedha zetu zikaenda bure. Garaji hii ndogo, hapa Bukavu, ilianza kwa swali: je, mshale wa joto hufika katikati? Haukuwa ukifika. Themostati, vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, ilikuwa imekwama wazi, kwa hiyo injini ilibaki baridi na kompyuta ya gari, ikidhani gari limewashwa sasa hivi, ikazidi kuongeza mafuta. Walibadilisha pia kichujio cha hewa, kilichojaa vumbi. Sasa linatumia lita 9, kiasi ninachokiona cha haki kwa vilima hivi. Kasoro yao: tulisubiri kutwa nzima bila hata kiti.