Mfuko wa kubandika wa mkojo wa mtoto mchanga: unafaa kwa lipi?

Mama akitumwa duka la dawa, Kampala au Mbarara, kutafuta cha kukingia mkojo wa kichanga, hurudi na mfuko huu: plastiki laini ya takriban mililita 100, yenye tundu lililozungushiwa gundi. Kazi yake moja inaifanya vizuri: mkojo ukioteshwa maabara usiote kitu, kabla mtoto hajapewa antibayotiki, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) hana. Kikiota kitu, bado hujajua lolote.

Wengi hukosea wakati wa kubandika. Ngozi yenye mafuta au poda haishiki gundi, na mkojo wote huishia kwenye nepi. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha hadi ndani ya mikunjo. Kwa msichana anzia kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukipanda juu. Kwa mvulana uume uingie tunduni. Toboa nepi upitishe mfuko nje, usije ukabanwa. Chungulia kila dakika 15. Nusu saa ikipita bila mkojo, osha upya, weka mfuko mwingine. Bandua polepole, kwani ngozi ya kichanga huchubuka upesi.

Hata ukifuata yote hayo, mkojo umeshagusa ngozi na kuokota bakteria wa kinyesi. Ukizunguka nao juani kwenye bodaboda, wanazaliana. Ufike maabara ndani ya saa moja, au ukae kwenye friji, nyuzi 4, usizidi saa 24. Vikiota vijidudu vya aina tatu, karibu kila mara huo ni uchafu. Kijiti cha kupimia nitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo, nacho kisikutulize kisipoonyesha kitu: nitraiti huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa nne, na kichanga hukojoa kila mara.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya kinachofuata. UTI ya kichanga ikithibitishwa, hupimwa altrasaundi ya figo na kibofu, na ikibidi eksirei ya kibofu kilichojazwa dawa kupitia mpira mwembamba (katheta) unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, ili kuona kama mkojo unarudi juu kuelekea figo. Kurudi huko kuna daraja 1 hadi 5: la 1 huishia kwenye mrija unaotoka figoni hadi kibofuni, la 5 mrija umetanuka na kujipinda hadi figoni. Madaraja ya chini mara nyingi huisha yenyewe mtoto akikua. Kumpitisha kwenye mpira na mionzi kwa ajili ya bakteria wa nepi ni kumwonea.

Kwa hiyo kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyeacha kunyonya, hastahili mfuko. Omba mkojo utolewe kwa mpira mwembamba, namba 5, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Akiwa mahututi, dawa isisubiri. Na mvulana ambaye mkojo wake unadondoka matone badala ya kuruka, mwambie daktari siku hiyohiyo: huenda kuna kizuizi kwenye njia ya mkojo.