Sindano ya kingamwili yenye mionzi kwa kansa ya mapafu: nyota mbili na nusu

Wadau, kila nikisema nafanya kazi nyuklia medisini, yaani tiba ya dawa zenye mionzi, lazima mtu anifuate inboksi kuulizia ile sindano ya Wachina ya kansa ya mapafu, auze kiwanja ampeleke mzee au aache. Haya, leo naipa rivyu kama mnavyozipa simu.

Inaitwa Vivatuxin, kwenye makaratasi ya wataalamu utaikuta kama 131I-chTNT, na China waliiruhusu 2003 kwa kansa ya mapafu iliyoshafika mbali. Ndani kuna kingamwili, protini ya kinga inayonasa kitu kimoja maalumu, na iodini 131 yenye mionzi iliyobandikwa juu yake, kingamwili ndo anaijua nyumba, iodini ndo mwenye kazi.

Wazo lenyewe naliheshimu sana, lilianzia kwa mtafiti Alan Epstein kule Marekani. Kingamwili nyingi zinatafuta alama kwenye ngozi ya seli ya kansa, na kansa ni jeuri, inaweza kuificha hiyo alama. Hii inaenda kwa maiti, yaani seli zilizokufa. Uvimbe ukiwa mkubwa katikati panakosa damu, seli zinakufa zinapasuka DNA inabaki nje nje, basi dawa inang'ang'ania hapo hapo na kuanza kuwachoma majirani walio hai, miale ya beta haifiki mbali, milimita mbili hivi, na kadiri zinavyokufa ndo pa kushikia panaongezeka. Hapo nyota tano bila ubishi.

Shida inaanza ukiuliza matokeo. Utafiti mkubwa uliotoka 2005 ulikuwa na wagonjwa 107, uvimbe ulipungua au kuisha kwa kama asilimia 35 ya wagonjwa, kwa zaidi ya nusu ulibaki vilevile. Sio mbaya kwa watu waliokuwa wameshashindikana na dawa zingine. Ila hakukuwa na kundi la pembeni la kulinganisha, kwahiyo waliishi muda mrefu zaidi au la, huo utafiti haukwambii, na mimi siwezi kumwambia mtu auze kiwanja kwa picha ya CT iliyopendeza.

Halafu kingamwili ni li-molekuli likubwa, linazunguka kwenye damu siku kadhaa na mionzi yake, uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu unaumia, seli nyeupe na platileti, zile za kugandisha damu, zinashuka, zinarudi ndio lakini wiki hizo anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara. Ndo maana dawa za aina hii ziling'aa zaidi kwenye limfoma, kansa ya seli za kinga kwenye tezi za limfu, Zevalin 2002 na Bexxar 2003, maana limfoma inakufa kwa mionzi kidogo, uvimbe wa mapafu ni mbishi. Na Bexxar pamoja na kufanya kazi iliondolewa sokoni 2014, wateja wachache.

Huduma yenyewe ikoje? Kabla ya sindano mgonjwa anakunywa matone ya Lugol, iodini isiyo na mionzi, maji ya kahawia yanayoacha doa kwenye kikombe na ladha ya chuma mdomoni, wazee wanayalalamikia kuliko sindano. Usiruke, bila hayo iodini inayobanduka itaenda kukaa kwenye tezi ya shingoni na kuiharibu. Dawa inakuja kwenye chombo cha madini ya risasi, kizito balaa. Na iodini 131 inapungua nusu kila siku 8, kwahiyo mzigo ukikwama njiani wiki nzima karibu nusu imeshapotea, hata sisi tunaotumia iodini 131 peke yake bila kingamwili tunaijua hiyo presha.

Ushauri wangu, kabla ya tiketi hakikisha kuna majibu ya bayopsi, kile kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara, maana huku kwetu mtu anaweza kunywa dawa za TB miezi kumbe ni kansa, halafu omba kipimo cha EGFR, moja ya jeni za seli za kansa. Ikitoka ina mabadiliko kuna vidonge anameza nyumbani, na vina ushahidi mzito kuliko hii sindano.

Bado unataka kwenda? Sawa, baada ya dozi mzee alale chumba chake peke yake, wajukuu na wajawazito wasimkalie karibu mpaka hospitali iseme, choo kifulashiwe mara mbili. Na mdai daktari barua inayotaja iodini 131, kiasi na tarehe, mashine za mionzi za airport zinaweza kumpigia kelele hata wiki kadhaa baadae na utaanza kujieleza kwa lugha usiyoijua.