Tahadhari: anauza kopi za nyumbani kama kanda orijino za VHS, za kutisha na za skeitibodi

Ndugu zangu wakusanyaji, salaam.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikijiuliza niseme au ninyamaze, maana mtu akishalizwa huona aibu kwanza, hasira huja baadaye. Juzi nimeona picha zilezile nilizotumiwa mimi zimewekwa tena sokoni, safari hii chini ya jina jingine, na watu watatu tayari walikuwa wanauliza walipe vipi. Nikaona kuendelea kunyamaza ni kumsaidia muuzaji huyu.

Jina lake siliweki hapa. Amelibadilisha mara mbili tangu aniuzie, na ukilikariri la leo, kesho atakuja na lingine umpokee kama mgeni. Mwendo wake ndio haubadiliki, kwa hiyo nitaeleza mwendo.

Nilinunua kwake kanda mbili za VHS. Moja ni Video Days, video ya skeitibodi ya kampuni ya Blind, ya 1991. Nyingine ni The Driller Killer, filamu ya kutisha ya Abel Ferrara, ile kanda ya Uingereza iliyotolewa na kampuni ya video ya Vipco mwaka 1982. Akaongeza ya tatu, filamu ya kutisha ya bei rahisi, akasema ni zawadi.

Kwa wageni wa mambo haya, hizo mbili hazitafutwi kwa majina tu. Video Days ni dakika 24, Spike Jonze nyuma ya kamera, na mbele yake Mark Gonzales, Guy Mariano, Rudy Johnson, Jordan Richter na Jason Lee. Video za namna hii hazikupita kwenye kumbi za sinema. Ziliuzwa kwenye maduka ya skeitibodi, zikanunuliwa na vijana waliozirudisha nyuma mara mia kwenye mtindo mmoja ili waone mguu wa nyuma unafanya nini. Kanda ikitumiwa hivyo huchoka, na nyingi zilichoka kweli. Halafu baadhi ya video za zama hizo zilipotolewa tena, muziki wake ulibadilishwa kwa sababu ya haki za nyimbo, na mtu anayeipenda sehemu fulani anaipenda pamoja na wimbo wake. Ndiyo maana tunahangaikia kanda yenyewe.

The Driller Killer ina kisa chake. Tangazo lenye picha ya kava, keekee ikizama kwenye paji la uso wa mtu, lilizua malalamiko makubwa Uingereza, na filamu ikaingia kwenye zile zilizoitwa "video nasties", yaani video chafu. Ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ilitengeneza orodha iliyofikia jumla ya filamu 72, na 39 kati ya hizo zilitiwa hatiani mahakamani. Kisha ikaja Sheria ya Rekodi za Video ya 1984, na kanda isiyo na cheti haikuruhusiwa tena kuuzwa. Polisi walizikusanya madukani na nyingi ziliharibiwa. Kila iliyobaki ipo kwa sababu kuna mtu aliificha kabatini au aliisahau darini. Mimi nikishika kanda kama hiyo nashika kitu kilichonusurika, na anayekuja kunipa ya bandia ameiba zaidi ya hela yangu.

Sasa jinsi alivyoninasa. Mara ya kwanza aliniuzia kanda mbili za 411VM, lile jarida la video la skeitibodi lililoanza 1993. Zilikuwa safi, orijino kabisa, zimefungwa vizuri, zimefika mapema. Nikamwandikia maneno mazuri na wengine wakayasoma. Leo najua ile ilikuwa chambo, na maneno yangu mwenyewe yalikuwa sehemu ya ndoano. Kama kuna aliyemwamini kwa kunisoma mimi, namwomba radhi.

Mwezi uliofuata akanitafuta yeye. Ana vitu asivyoviweka hadharani, ananipa mimi kwanza kwa kuwa ni mteja wake. Picha nne, nzuri, zenye mwanga wa kutosha: kava mbele, kava nyuma, ubavu, na kanda ikiwa imechomolewa nusu kutoka kwenye jaketi. Nusu tu. Vidirisha viwili vya juu, vile vinavyoonyesha utepe ulivyokaa ndani, havikuonekana, na mimi sikuuliza. Kisha haraka ikaanza: kuna mwingine anaisubiri, nafasi aliyoniwekea itaondoka leo jioni. Na ombi la mwisho, nitume hela kupitia PayPal kwa njia ya ndugu na marafiki ili akwepe makato, na yeye atanipunguzia. Nikatuma. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia nikalifunga mwenyewe.

Mzigo ulifika baada ya wiki tano. Kabla hata sijawasha deki nilishajua.

Video Days ni dakika 24. VHS ya NTSC, mfumo wa video wa Marekani, kwa kasi ya kawaida, SP, hupitisha utepe kama sentimita 3.3 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 24 ni kama mita 48 za utepe. Kiwandani hawapotezi utepe. Wanaukata kwa kipimo cha kilichorekodiwa, na kwenye kidirisha unaona kigurudumu kimevaa utepe mwembamba, wakati mwingine kigurudumu chenyewe kinafanywa kinene zaidi. Kanda tupu ya T-120, ile ya saa mbili ambayo watu walirekodia vipindi vya televisheni, ina kama mita 246. Niliyoishika mkononi ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Mita mia mbili za utepe zisizo na kazi yoyote.

Nikaigeuza mgongo. Wote mnakijua kile kijino cha plastiki kwenye ukingo wa nyuma, kinachozuia kurekodi juu. Kanda ya kiwandani huja bila kijino, mahali pake pana shimo laini. Hii ilikuwa na kovu: kijino kilivunjwa kwa bisibisi au kisu, na mabaki yake yanachoma kidole. Nikalowesha ncha ya kidole nikagusa lebo. Wino wa bluu ukanifuata.

Nikaiweka kwenye deki. Chini ya picha kulikuwa na mstari wa chenga. Nikazungusha trakingi, kile kirekebishi cha deki cha kufuata utepe, kushoto, kulia, mwisho hadi mwisho, mstari hausogei hata kidogo, kwa sababu haukuwa kosa la deki yangu. Ulikuwa ndani ya picha, umerekodiwa kutoka deki ya mtu mwingine. Niliiacha iendelee. Dakika ya 24 ikaisha, skrini ikawa theluji tupu, halafu ghafla ikatokea mechi ya mpira, katikati ya kipindi cha pili, mtangazaji akipiga kelele. Ilikuwa kanda ya mtu aliyerekodi mpira nyumbani kwake miaka hiyo.

Ya Vipco ilikuwa na kasoro yake. Kanda ya Uingereza ni ya mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Deki yangu inasoma mifumo yote na huonyesha inasoma upi. Ikaonyesha NTSC. Kasha la Uingereza, kava la Uingereza, ndani yake mfumo wa Marekani. Hakuna maelezo yanayoweza kuokoa hapo. Hata ukitumia saa utajua: filamu ikihamishiwa PAL huharakishwa kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde, kwa hiyo ya dakika 96 huisha kwenye dakika 92 hivi.

Na ile zawadi ilikuwa na kuvu. Unga mweupe umetanda kwenye ukingo wa utepe, kama vumbi la chaki, na unaonekana wazi ukiinamisha kanda chini ya taa. Sikuinamisha. Niliitia ndani ya deki nikiwa na hasira za zile mbili, na nikalazimika kuifungua deki nzima kusafisha vichwa vinavyosoma utepe kwa spiriti ya aisopropili. Kanda yenye kuvu huacha mbegu zake ndani ya deki, na deki huzigawa kwa kila kanda inayofuata. Kama umepokea chochote kutoka kwa mtu huyu, kitenge mbali na rafu yako kwanza.

Nilipomlalamikia alikuwa na majibu tayari. Kwanza, kanda ni za zamani, ndivyo zilivyo. Nikamtumia picha ya kidirisha. Akasema kampuni ndogo zilikuwa zinarekodia kwenye kanda tupu. Hapa nitasema kweli hata kama inamsaidia: ni kweli, wako watengenezaji wadogo wa filamu za kutisha na za skeitibodi waliodurufu wenyewe kwenye kanda za kawaida, kwa hiyo kidirisha kilichojaa peke yake si hukumu. Lakini hakuna mtengenezaji aliyedurufu juu ya mechi ya mpira. Nilipomwambia hivyo akanitaka nirudishe mzigo kwa gharama yangu, na anuani aliyonipa haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kifurushi. Siku mbili baadaye alikuwa ameniblok.

Nimeongea na wengine wawili aliowaliza. Mmoja hakupata mzigo kabisa. Alipewa namba ya kufuatilia, namba ya kweli, na ikaonyesha kifurushi kimefika katika mji wake. Kimefika kweli, ila kwa anuani ya mtu mwingine, na kwa mfumo wa malipo hilo lilionekana limekamilika. Akaokolewa na posta yenyewe, iliyompa barua kuthibitisha kwamba anuani haikuwa yake. Mwingine alinunua DVD tatu za kutisha zilizoandikwa toleo la kwanza, zote zina mgongo wa zambarau, yaani zimechomwa kwenye kompyuta. Diski ya kiwandani ina rangi ya fedha, na kwenye pete ya ndani utaona namba za chapa na maandishi madogo ya IFPI, alama ya shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Msikimbilie kuhukumu kila zambarau, zipo kampuni halali zinazochoma diski kwa oda, lakini huwa zinasema hivyo. Makava yake nayo ni skani: kwa kioo cha kukuzia, chapa halisi ina vidoti vilivyopangwa kama maua, na herufi ndogo zina kingo kali. Yake yana madoa ya wino yaliyotawanyika, na maandishi madogo ya nyuma yamefifia kiasi huwezi kusoma anuani ya kampuni.

Kwa hiyo kabla hujalipa mtu yeyote, siyo yeye tu, omba picha tatu: vidirisha vyote viwili kanda ikiwa nje kabisa ya kasha, ukingo wa nyuma penye kijino, na kanda ikiwa imeinamishwa chini ya taa. Omba aweke kando yake karatasi yenye tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono. Muuzaji mwenye kanda atachukua dakika tatu. Mimi nimeanza kuomba hivyo, na wauzaji wazuri hawajanuna hata mmoja. Wengine wamefurahi kuulizwa.

Na lipeni kwa njia ya bidhaa na huduma. Ile ya ndugu na marafiki haina ulinzi wa mnunuzi. Ukilipa kama mnunuzi, PayPal inakupa siku 180 kufungua madai. Mtu huyu anapenda kuchelewesha mzigo na kukuomba subira, wiki baada ya wiki, na kila wiki ya subira inaliwa kwenye siku zako. Waliolipa kwa kadi waende benki yao sasa hivi, wasimngojee ajibu.

Zile picha nne hatimaye nimempata mwenyewe. Ni mkusanyaji mwenzetu, aliziweka hadharani miaka kadhaa iliyopita akionyesha rafu yake kwa furaha, na hakujua zinatumika. Ameniruhusu niwaambie hivi: ukiona Video Days yenye mkunjo kwenye pembe ya juu kulia ya kava na kibandiko cha duka kilichochanwa nusu, imelazwa juu ya zulia la kijani, kanda hiyo iko nyumbani kwake. Haijawahi kuuzwa na haiuzwi.