Kibanda cha muvi Majengo: masteringi kibao, wa pembeni mpaka uwatafute na tochi

Jumamosi nilipeleka flashi yangu ya GB 32 kwenye kibanda kimoja cha kujaza muvi hapa Dodoma, mitaa ya Majengo, jina naliacha maana kuna malalamiko yanakuja. Nilitaka wanijazie kazi za mtu mmoja tu, James Hong. Kijana wa kompyuta akaniuliza, "Huyo steringi wa muvi gani braza?" Nikamwambia sio steringi, ni yule mzee wa Kichina ambaye uangalie muvi uangalie sizoni lazima akatize. Akacheka. Folda zake zote kazipanga kwa masteringi, Jackie Chan yupo, Jet Li yupo, Van Damme ana folda mbili, ila mtu wa pembeni hana hata pa kuegesha mguu.

Nikatoa picha kwenye simu. "Aaah, si huyu mchawi!" Kumbe anamjua kwa Lo Pan wa Big Trouble in Little China ya 1986. Nikamwambia na yule bata bukini anayeuza supu ya tambi kwenye Kung Fu Panda, baba yake Panda, sauti ni ya huyu huyu, akabisha mpaka akaangalia mwenyewe kwenye simu yake.

Mi huyu mzee nampenda kwa sababu ya kazi yangu, nipo kwenye mambo ya barabara, na yeye alisomea uhandisi ujenzi kabisa, akajenga barabara za Los Angeles kama mwaka na nusu hivi af akaacha akaenda kuigiza miaka ya 50. Hebu mwambie mzazi wa kibongo hiyo habari uone! Na wala sio Mchina wa kuja, kazaliwa Minneapolis, Marekani, 1929. Ila TV ya kwao ilimpa vya pembeni tu, muuza duka, mpishi, jasusi, hata ile sizoni ya Kung Fu ya 1972 steringi alikuwa mzungu, David Carradine, Hong anaingia anatoka. Ndo maana 1965 yeye na wenzake walishaanzisha kundi lao la jukwaani, East West Players, wapate nafasi za maana. Sasa ana kazi zaidi ya 600, na nyota ya heshima yenye jina lake pale barabarani Hollywood kaipata 2022 akiwa na miaka 93, tena mashabiki ndo walichanga hela, kama mchango wa harusi kwenye grupu la WhatsApp, ila wao walimaliza ahadi zao.

Haya turudi kwenye huduma. Bei haina shida, muvi moja 500, sizoni 1,000, nikamuongezea kwa usumbufu wa kutafuta. Kijana ana adabu, ana benchi chini ya muarobaini, upepo wa Dodoma unakulisha vumbi bure. Tatizo ni "dakika tano tu braza". Nimekaa saa nzima na nusu, walionikuta wakaondoka wakaniacha, kila nikisimama naambiwa dakika tano.

Tatizo lingine kubwa, kaniwekea zilizotafsiriwa. Nilimwambia mapema sitaki za DJ. Kwa steringi wa ngumi sawa, DJ anachangamsha, ila huyu mzee kazi yake nusu ni sauti, ile ya kukwaruza kidogo kama anakununia na anakuchekea papo hapo, sasa DJ akipiga kelele juu yake umebaki na nini? Nilirudisha tatu, akabadilisha bila kununa, hapo nampa heko.

Nyota 3 kwa 5. Nenda na flashi yako, skani kwanza ukifika nyumbani, yangu ilirudi na virusi viwili.

Nyumbani nikaanza na ile episodi ya 1991 ya Seinfeld, sizoni ya vichekesho ya Marekani, jamaa wanasubiri meza mgahawani na Hong ndo wa mapokezi, kila wakimuuliza anawajibu dakika tano, kumi. Nilicheka peke yangu nikikumbuka lile benchi. Kufika dakika ya kumi na tano faili likagoma, kwa hiyo mpaka leo sijui kama wale jamaa walikula.