Honda S2000 ya mwanzo: utamu wote uko juu

Hii gari ukiiendesha polepole utaiona ya kawaida tu, maana injini ni lita 2 bila tabo na huko chini haina nguvu ya kutisha. Sasa kanyaga mafuta mpaka ipite mizunguko 6000 hivi kwa dakika, VTEC (mfumo wa Honda unaobadilisha jinsi vali za injini zinavyofunguka) inashika, mlio unabadilika kabisa na inapanda mpaka 9000, we acha tu! Gia fupi, zinaingia klak klak, raha yake sijaipata kwenye gari lingine. Kero zipo: safari ndefu kelele zinachosha hata ukiwa gia ya sita, oili uchungulie dipstiki mara kwa mara sababu injini za mizunguko mikubwa hivi huwa zinakula oili, na mvua ikinyesha usikanyage mafuta ovyo katikati ya kona, nyuma inachomoka. Mi siuzi.